Bunduki Iliyorudishwa Safi

Hamoudi alikutwa kifudifudi katikati ya mananasi yake, huko Kerege, jua limeshapanda. Risasi iliingia kisogoni ikatokea mdomoni, ikaondoka na meno ya mbele. Nzi waliwahi kabla ya polisi.

Inspekta Nadhira alipofika kutoka Bagamoyo, maiti hakuna aliyemtazama tena. Watu walikuwa wanampiga Mtoro.

Huyo Mtoro ni mlinzi wa shamba, Mkwere mwembamba, kazi yake kuua nguruwe pori kwa bunduki ya tajiri wake. Mmoja alikuwa kamkanyaga shingo, mwingine anafungua dumu la petroli. Nadhira akafyatua bastola hewani.

"Ya pili nalenga goti," alisema. "Nani ana goti asilolitaka?"

Wakarudi nyuma, lakini si mbali. Mtoro akaingizwa garini anatema damu, mbavu zimevunjika. Gari halikuweza kuondoka, maana walishalaza gogo njiani. Askari wawili wakasimama mlangoni.

"Tupeni sisi, Afande!" watu walipiga kelele. "Kaua, kisha kaisafisha bunduki kuficha ushahidi!"

Bunduki ilikuwa kibandani mwa mlinzi, imetundikwa msumarini. Koplo Mikdad aliuchungulia mtutu. Ndani uling'aa kama sahani ya Idi.

Nadhira akainama dirishani mwa gari.

"Ulipiga lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Nguruwe. Yuko kule bondeni, ananuka."

"Ukaisafisha lini?"

"Sijaisafisha."

"Mbona safi?"

"Sijui, Afande. Mimi husafisha mwezi hadi mwezi, nikikumbuka. Marehemu kanitukana sana kwa hilo. Ati bunduki husafishwa kila ukipiga, siku ile ile."

"Na alfajiri ya leo ulikuwa wapi?"

"Msikitini, kule barabarani. Nikabaki kwenye darsa."

"Bunduki uliiacha?"

"Niliiacha. Kwani nguruwe na mimi tuliahidiana msikitini?"

Mikdad alisonya. "Muongo huyu."

Wakashuka bondeni. Nguruwe alikuwepo kweli, kavimba, tundu la risasi ubavuni limejaa funza. Nadhira akaziba pua kwa mtandio.

"Mikdad, wewe umeua mtu, umesafisha bunduki. Nikikuuliza kwa nini ni safi, utanijibu nini?"

"Nitasema nilipiga nguruwe, ndiyo maana nikasafisha."

"Na nguruwe unaye?"

"Si huyu hapa?"

"Basi uongo ulimlalia Mtoro miguuni, umenona hivi, na hakuuokota. Mwenye kuua angeukumbatia. Bunduki imesafishwa na mtu mwingine."

Akarudi kibandani, akainusa bunduki. Harufu haikuwa ya mafuta ya bunduki. Ilikuwa nazi na karafuu.

Nyumba ya Hamoudi ilikuwa juu ya shamba. Mjane, Huda, alilala kitandani kwa tumbo. Dada yake mkubwa, Shaikha, aliyekuja kumtembelea kutoka Bagamoyo mjini, alikuwa anampaka mafuta mgongoni. Chumba kizima kilinuka karafuu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Usimwinue, hawezi."

Mgongo wa Huda ulikuwa umechanwa kwa waya, nyama imekaa wazi, zambarau na nyeusi.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Huyo mliyemfunika shuka kule."

"Na mafuta hayo?"

"Nazi na karafuu. Yanavunja damu iliyoganda."

Nadhira akakaa kwenye mkeka.

"Bi Shaikha, bunduki ikishapigwa, hukaa muda gani kabla ya kusafishwa?"

"Haikai. Kwa hewa hii ya chumvi, ikilala na moshi inaamka na kutu." Mkono wake ukasimama. Akajua keshasema.

"Nani alikufundisha?"

"Marehemu baba. Alikuwa na bunduki, hakuwa na mtoto wa kiume."

"Watu wamemvunja Mtoro mbavu. Wana petroli."

"Mtoro? Mtoro kafanya nini?"

"Bunduki yake ni safi. Ungeiacha na moshi wa risasi ya nguruwe, nani angejua kama iliguswa?"

Shaikha akamtazama kama anayetukanwa. "Kitu cha mtu nikichukue bila kuomba, kisha nirudishe kichafu? Sikulelewa hivyo."

Huda akaanza kulia ndani ya mto. "Dada, nyamaza."

"Nimenyamaza miaka sita." Akajifuta mikono. "Jana jioni kampiga kwa waya mpaka mimba ikatoka. Wa kiume. Nimemfunga kwenye kanga yangu kwa mikono hii. Kumekucha, Hamoudi akatoka kwenda kutazama mananasi anapiga mluzi. Mluzi, mwanangu! Nikapita kibandani, nikamfuata. Mlio wa bunduki hapa hakuna anayeushangaa, wanajua ni nguruwe."

"Mtoro hukumfikiria?"

"Sikumfikiria, nalo ndilo kosa langu. Damu ya Hamoudi siiombei msamaha. Ya Mtoro naiombea."

Nje kelele zilizidi. Kioo cha gari kilikuwa kimepasuka, na mlango umeanza kuvutwa. Shaikha akajitupia baibui, akatoka kabla Mikdad hajapata pingu. Akapita katikati ya watu, akauegemea mlango wa gari.

"Mwacheni! Hamoudi nimemuua mimi."

Kijana mmoja akacheka. "Bi Shaikha, rudi ndani kwenye msiba."

"Nimempiga ya kisogo, nikaisafisha bunduki kwa mafuta haya. Njoo unuse." Akainyoosha mikono. "Haya, mimi huyu. Nichomeni."

Hakuna aliyesogea. Huyu ni shemeji wa tajiri, mtu wa nyumba kubwa; watu wakatazamana. Mwenye dumu akaliweka chini, akakohoa.

"La, bi mkubwa," alisema kwa adabu. "Hayo tuwaachie polisi. Nchi ina sheria."

Mtoro aliyasikia hayo akiwa sakafuni mwa gari. Akacheka mpaka mbavu zikamliza.