Samaki Wasiokula

Mvuasafi, mashine ya kuvulia samaki wa mapambo, ilizama kando ya mwamba, ikanyoosha mkono wake laini na kumnyonya samaki wa buluu bila kumng'oa hata gamba. Katika chumba cha uendeshaji, Kigoma Mpya, wageni waliokuwa wakitazama kwenye kioo walipiga makofi. Samaki yule angelazwa usingizi baridi, asafirishwe hadi bara jingine, azinduliwe ndani ya tangi la sebuleni kwa mtu ambaye hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Na asingekufa. Hilo ndilo lililompa sifa mhandisi Ester Ntiruhungwa: kwa miaka minne hakuna samaki wake aliyefia njiani.

Mbinu yake ilikuwa rahisi. Samaki aliyeshiba huchafua maji anayosafiri nayo, yakamuua. Wakusanyaji wa zamani waliwashindisha samaki na njaa siku kadhaa kabla ya safari, na Ester aliuona huo ukatili. Akaifundisha mashine kupima matumbo kwa mawimbi ya sauti, ichague wale tu ambao hawajala.

Wageni walipotoka kwenda kupata chakula, Bi Tausi, msafishaji wa vichujio, aliingia na beseni.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka kumwaga hivi. Hebu tazama mwenyewe."

Ester aliinama. Majini mlikuwa na vitu vidogo kama punje za mtama, vyenye macho. Vichache bado vilitikisa mkia.

"Mashine inaviandika takataka," alisema Bi Tausi. "Hawa ni watoto. Mama yao huwaficha kinywani, na muda wote huo hali kitu, hata wiki tatu. Akishtushwa huwatema."

Ester alirudia neno moja moyoni. Asiyekula. Katika ziwa zima mashine ilikuwa ikiwatafuta akina mama, kwa amri yake yeye, na watoto ikawafagia kwa kuwa hakuna mteja anayetaka samaki wa ukubwa huo. Ukutani kilining'inia cheti kilichoandikwa "Bila Kifo". Uongo mtupu, tena wenye muhuri.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia bwana mkubwa mwaka juzi. Akasema nioshe vichujio."

Bwana mkubwa, Mkurugenzi Kiza, aliingia akichokonoa meno. Alilitazama beseni wala hakukana.

"Basi iambie ichukue madume tu. Si kazi ya dakika kumi?"

"Ya tano," alisema Ester. "Halafu mwakani tugundue tumemaliza kitu gani kingine? Mtu akitaka pambo la sebule, na achore ukuta wake. Sisi tunamng'olea ziwa la watu kipande kipande, halafu tunapigiwa makofi."

"Shusha sauti. Wageni wako hapo nje."

"Waje waone beseni."

Alibandika kidole gumba kwenye kitufe cha kusimamisha. Mashine yote ilitulia chini ya maji. Kioo kikauliza sababu, na jibu la kwanza lilikwishajazwa tayari: hitilafu ya mashine. Kiza akaitikia kwa kichwa.

"Hiyo hiyo. Ukiiacha hiyo ibaki, hakuna atakayelaumiwa, kuanzia wewe."

Ester aliifuta. Akaandika: "Mashine haina hitilafu. Ilitii." Chini yake akaweka jina lake kamili.