Amri ya Kusimama

Maiti ya Liao Chin-fa ililala kifudifudi chini ya mkono wa roboti, katika kiwanda kimoja cha mashine nje ya Taichung. Chuma kilikuwa kimemshukia mgongoni. Kitufe chekundu cha kusimamisha kilikuwa kimebonyezwa, na alama ya kidole iliyokuwa juu yake ilikuwa ya marehemu mwenyewe.

Inspekta Kuo Hsiu-man alikikagua kitufe kile kwa muda mrefu.

"Mzee alikuwa astaafu mwezi huu, Afande," alisema meneja Hsiung. "Programu ya kusimamisha aliiandika yeye, na imemuua yeye. Tumlaumu nani mwingine?"

"Umeshahukumu, bwana? Hata chai hujanikaribisha."

Juu ya kila roboti palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, kama desturi inavyotaka: mashine yenye pakiti haileti ukorofi, mradi pakiti isipitwe na muda. Zote zilikuwa na vumbi. Ya roboti hii ilikuwa mpya.

"Kuna mtu aliiogopa mashine hii peke yake," Kuo alimwambia Koplo Pai Yu-ting, mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta. "Chukua alama za vidole kwenye pakiti yake."

Jioni Pai alileta majibu mawili. Alama zilikuwa za Tseng Po-han, mwandishi wa programu aliyefundishwa kazi na Liao. La pili lilihitaji maelezo.

"Liao aliandika klasi mama, yaani kiolezo cha programu kinachofuatwa na roboti zote. Kila aina ya roboti ina klasi mtoto inayorithi amri za mama. Amri ya mama ya kusimama huzima mota, kisha hufunga breki. Lakini mtoto wa roboti hii ameandikiwa amri yake ya kusimama. Ya mama haifanyi kazi tena, mpaka mtoto amwite."

"Na hakumwita?"

"Hakumwita. Alizima mota tu."

"Si angefunga breki mwenyewe?"

"Hawezi. Liao aliifanya breki kuwa ya faragha. Haiguswi ila na amri za mama. Bila breki, mkono ule hushuka kwa uzito wake."

"Nani aliandika?"

"Akaunti iliyotumika kuandika ni ya timu nzima, Afande. Mahakamani hatuna kitu."

Tseng aliketi wima kwenye chumba cha mahojiano.

"Pakiti uliiweka wewe?"

"Desturi tu, Afande. Kompyuta yenu hapa haina?"

"Inayo. Imepitwa na muda, ndiyo maana inanitesa. Kwa nini roboti ile tu?"

Tseng alinyoosha kola ya shati lake.

"Sikiliza, kijana. Meneja wako ameandika kwamba amri ya Liao ndiyo iliyomuua. Mjane wake atasomewa hivyo. Ukinyamaza, siwezi kukushtaki. Mlango ule pale."

Tseng aliutazama mlango. Kisha akaitazama mikono yake.

"Si amri yake," alisema. "Ni yangu."

"Endelea."

"Amri ya Mwalimu ilikuwa na kosa. Breki ilifunga mapema mno, mkono ukashtuka, vipande vikadondoka. Kurekebisha klasi mama lazima kupitie kikao. Kosa lake lingeonyeshwa kwenye skrini ya ukutani, mbele ya vijana aliowafundisha."

"Ungemwambia faraghani."

"Angesimama kikaoni ajitangaze mwenyewe. Unamjua? Mimi namjua. Nilitaka astaafu na jina safi. Nikaandika upya kwa mtoto. Nikimwita mama, kosa linarudi. Kwa hiyo sikumwita. Sikukumbuka kwamba breki haina mlango mwingine."

"Hukujaribu?"

"Nilijaribu mkono ukiwa chini. Haukuwa na pa kuanguka."

"Na pakiti?"

"Moyo haukutulia. Badala ya kumuuliza Mwalimu, nikanunua vitafunwa."

Kuo aliandika. Sasa tukio lilieleweka: kipande kilikuwa kimekwama kwenye roboti. Liao alibonyeza kitufe na kuinama chini ya mkono bila kusita, akiamini kwamba inayoitika ni amri yake. Shtaka: kuua bila kukusudia, kwa uzembe.

Tseng alitia saini. Akairudisha kalamu mezani.

"Afande, lile kosa lake la breki. Litaandikwa?"

"Litaandikwa."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake. Bila hilo, maelezo yako hayana maana."

Hapo ndipo Tseng alipolia.