Mkono Mrefu wa Radi

"Mjomba wangu hajawahi kuumwa hata mafua!" alitangaza Redio, akiwa amepanda juu ya dawati wakati wa mapumziko. "Mwilini ana umeme. Vijidudu vikimgusa vinaungua!"

Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kila mtu alimwita msichana huyo Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Kila asubuhi kabla ya shule alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa katika chumba cha mama yake, fundi cherehani, huku akipanga taarifa ya siku. Taarifa karibu zote zilimhusu mjomba, mpiga gitaa wa muziki wa roki ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Radi.

Picha zake zilibandikwa kila ukuta. Miwani myeusi. Mwili umeinama upande kama nguzo iliyogongwa na lori. Na lile koti lake! Mkono wa kulia ulikatwa karibu na bega, wa kushoto ulishuka hadi kwenye vidole. Alipochelewa onyesho kwa saa mbili, watangazaji walisema hayo ndiyo maringo ya nyota. Alipojibu maswali huku akisinzia, walisema anawaza nyimbo. Siku alipoanguka jukwaani, mashabiki walipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Walidhani kuanguka ni sehemu ya wimbo.

Shuleni wavulana walijifunza kuyumba kama yeye. Mmoja alikata mkono mmoja wa shati la shule, akarudi kwao na barua ya mwalimu mkuu.

"Kwa nini mkono wa kushoto ni mrefu?" wenzake walimuuliza Redio.

Hakujua. Lakini tangu lini redio ikanyamaza kwa kukosa habari? "Hapo ndipo radi ilipompiga akiwa mdogo," alijibu. "Alama bado inang'aa. Akivua koti chumbani, hatuwashi taa."

Wote wakaguna kwa mshangao. Jirani yake wa dawati, msichana aliyeitwa Kimya kwa kuwa alitumia maneno kama kumi hivi kwa siku, alisema tu, "Mm."

Kisha miezi mitatu ikapita bila mjomba kuonekana. Meneja wake akatangaza kwamba yuko safarini, anatunga nyimbo. Redio akaongeza mlima, theluji na tai wawili.

Jumamosi moja mchana, mjomba aliingia chumba cha kushonea. Nyuma yake alikuja meneja, mtu mfupi mwenye simu mbili zisizopumzika. Redio alimtazama mjomba mara mbili. Alikuwa amenyoa ndevu, mashavu yamejaa, macho hayana miwani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona umerefuka hivi? Wanakumwagilia maji?"

Mama akachukua futi kamba apime koti jipya la onyesho la wiki iliyofuata. Kazi ya Redio ilikuwa kuandika.

"Kiuno, thelathini na mbili," alisema mama.

Redio alifungua ukurasa wa mjomba. Vipimo vya zamani vilishuka kama ngazi: thelathini na tatu, thelathini na moja, ishirini na tisa, ishirini na saba. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Aliviandika vyote, na hakuwahi kuvisoma. Akakumbuka sponji ambayo mama alikuwa akiijaza kwenye mabega ya makoti ya mjomba. Mtu anayepungua hivyo ana umeme gani?

"Mkono wa kushoto mrefu, kama kawaida," alisema meneja bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

"Mifupi yote miwili," alisema mjomba.

"Bwana wee! Watu wanamtaka Radi anayeyumba. Ukitokea umenawiri hivyo, si watadhani nimewaletea mwalimu wa hesabu?"

Mjomba alipandisha mkono wa shati lake. Ndani ya kiwiko palikuwa na makovu madogo meusi, yamefuatana kama mshono uliofumuliwa. Penseli ya Redio ikaanguka.

"Nilikuwa najidunga dawa za kulevya," alisema mjomba. "Mkono mrefu ulikuwa wa kuficha haya. Nilipoyumba, nilikuwa naumwa, nanyi mkasema ni mtindo. Sikuwa safarini, nilikuwa hospitali. Nikivaa tena mkono ule, dada, nimejitengenezea maficho. Najijua. Nitarudi kulekule."

"Basi nitakata mifupi," alisema mama.

Wiki nzima Redio hakutangaza lolote. Onyesho lingefanyika alasiri kwenye uwanja wa mpira, karibu kabisa na shule, na darasa zima lingehudhuria. Wangeuona mkono usiong'aa. Wangemcheka mpaka amalize shule! Kwa hiyo mama alipomwachia kazi ya mwisho, kupachika mkono wa kushoto na kulikunja koti kwenye mfuko, Redio alichakura sanduku la masalio. Humo mlikuwa na mkono mrefu wa koti la zamani, wa rangi ileile. Akaupachika huo.

Siku ikafika. Nyuma ya pazia la jukwaa walikuwapo mama, Redio, na Kimya aliyeombwa kushika kopo la pini. Mjomba alivaa koti. Kiganja chake cha kushoto kikamezwa na kitambaa.

"Huyo ndiye Radi wangu!" meneja alipiga kelele. "Fundi, mikono yako ibarikiwe!"

Mjomba aliketi juu ya spika, akautazama ule mkono kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kufungiwa. Nje umati uliimba, "Yumba! Yumba!"

"Dada," alisema polepole, "hata wewe?"

Mama aliushika ule mkono wa koti, akaugeuza kutazama mshono. Redio angeweza kunyamaza. Lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe. Lakini aliiona sura ya mama yake, akashindwa.

"Ni mimi, mjomba. Mama hajui. Niliwadanganya wenzangu kwamba ulipigwa na radi. Niliogopa wataona."

Mjomba aliinuka kwenye spika. "Kumbe na wewe ulihitaji mkono mrefu wa kujifichia." Akachukua mkasi wa mama, akampa. "Aliyepachika ndiye atakayekata."

Redio akakata. Mstari ulikwenda upogoupogo, nyuzi zikaning'inia.

Mjomba alipanda jukwaani akasimama wima. "Yumba!" walipiga kelele. Akainua mkono wake.

"Haya ni makovu ya sindano," alisema. "Siku ile nilipoanguka, haikuwa wimbo. Bado natibiwa, kila wiki naenda hospitali. Leo nitapiga nyimbo kumi nikiwa nimesimama. Nihesabieni."

Wachache waliondoka wakinung'unika, na meneja akajishika kichwa. Lakini gitaa lilipoanza kulia, vidole havikukosea hata uzi mmoja. Kufikia wimbo wa tatu, uwanja ulihesabu pamoja. "Kumi!" walipopaza sauti mwishoni, hata meneja alikuwa akirusha simu zake hewani.

Mama aliokota kile kipande cha koti.

"Sikiliza, binti yangu. Nilijaza sponji mabegani mwake nikidhani namsaidia. Meneja aliujazia ugonjwa sifa, nawe ukaujazia hadithi. Wote tuliupamba, na kidogo tumzike. Ukimwona mtu anaumwa, usimpambe. Sema ukweli mapema kwa mtu mzima unayemwamini, apelekwe kutibiwa. Na katika nyumba yetu sindano huingia kwenye nguo tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Jumatatu Redio hakupanda juu ya dawati. Alisimama chini, akawaambia wenzake ukweli wote: dawa za kulevya, hospitali, mkono wa koti, na uongo wake kuhusu radi. Hakuna aliyecheka. Wavulana waliojifunza kuyumba walitazama viatu vyao. Redio akaona mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyotarajia, na ulimi ukamwasha.

"Na nilipokuwa nakata ule mkono," alimalizia, kifua mbele, "sikutoa hata chozi moja. Nilisimama kama askari!"

"Mm," alisema Kimya. Darasa zima likageuka.

"Ulilia sana. Nilishika kopo la pini. Kamasi ulifutia mkono uliokatwa."

Maneno kumi kamili, ya siku nzima. Na Redio, kwa mara ya kwanza, akazimika.