Mkono Pembeni ya Picha

"Hii picha hukuipigia Phoenix, Clayton."

Clayton alikuwa hajavua hata buti. Aliitazama simu iliyokuwa mezani, kisha akamtazama Yesenia, mchumba wake.

"Nani kakwambia?"

"Mnara wa maji, hapo nyuma ya dirisha. Uko mji mmoja tu Arizona nzima."

"Makubwa! Sasa nimefuga FBI jikoni kwangu?"

"Usinichekeshe."

Yesenia alikuwa akisomea intelijensia katika chuo cha jamii karibu na kambi ya jeshi. Darasani walijifunza kutambua mahali picha ilipopigwa kwa kutazama vivuli, nguzo na rangi ya udongo. Picha hii Clayton alimtumia mwenyewe Jumamosi, pamoja na ujumbe: "Kazi ya kuezeka mapaa hapa Phoenix bado ndefu. Nakula pai, nakuwaza." Pembeni ya sahani ulionekana mkono wa mwanamke, umevaa mkanda wa plastiki.

"Ni nani huyo, Clayton?"

"Tuongee kesho. Nimechoka."

"Huo mkanda ni wa ile nyumba wanayomalizia kifungo wanawake. Jina la nyumba linasomeka. Nimewapigia jana."

Clayton alivuta kiti, akakaa.

"Umewaambia nini?"

"Nilichokiona. Kwamba mwanamke wao mmoja anakula Jumamosi ng'ambo ya mto na mchumba wa mtu."

"Yesi... yule ni mama."

"Mama yako alikufa."

"Nilikwambia alikufa. Unasomea kazi ambayo watakuchunguza wewe na ukoo mzima. Niliona mama mkwe mfungwa atakuharibia."

"Wanachunguza, lakini wanachokataa ni uongo! Ungeniuliza!"

"Na wewe ungeniuliza."

Yesenia aliigeuza simu kifudifudi.

"Alikuwa haruhusiwi kuvuka mto," Clayton aliendelea. "Alitamani pai ya mgahawa alimokuwa akihudumu zamani. Nikampeleka, kosa langu. Angetoka kabla ya harusi yetu. Nilitaka nikufungulie mlango umkute amekaa. Leo asubuhi wamemrudisha gerezani. Njia nzima nimekuwa nikijiuliza nani kasema."

Alichukua funguo. Yesenia alisikia gari likiwaka, likaondoka.

Kesho yake alibaki darasani wenzake walipotoka. Mwalimu wake, Bi Hargrove, mstaafu wa jeshi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mahali ulipapata sawasawa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ule mkono, ulifikiria unaweza kuwa wa nani?"

"Wa hawara."

"Mwingine?"

"Sikufikiria mwingine."

"Kila wiki nawaambia: kabla hujaamua, tafuta maelezo mengine, kisha jaribu kuyavunja yote, na yale uyapendayo wewe yavunje kwanza. Na nani alikutuma kupiga simu? Sisi tunatazama. Hatugusi."

"Nilikuwa na wivu."

"Najua, binti. Wivu nao ungeuweka mezani pamoja na picha."

Yesenia aliandika ujumbe akiwa bado kwenye ngazi za chuo: "Nisamehe. Nipeleke kwa mama nikamwombe radhi mwenyewe."

Jibu lilikuja Jumamosi, siku ya kutembelea wafungwa, na halikuwa na picha:

"Nimetoka kumwona. Ameuliza mchumba wangu yuko wapi. Nimemwambia alikufa."