Mbili kwa Kumi

Vita ilikuwa imekaribia Beni. Bénite, rafiki yangu tuliyesoma naye Butembo, alitumwa na bwana yake mchana kuita shemeji yake Éliakim kwenye chumba ya michezo ya télé. Mutoto wake alikuwa mu mugongo, analia njaa. Mu muchezo wa télé pia mutoto alikuwa analia, vilio viwili vikachanganyika.

Éliakim aliandika alama ya muchezo ku ukuta na makaa, vile bachezaji bote banafanya: "Nyumba ya giza. Ni kama filme, mutoto analia tu. Hapana kuogopesha. Mbili kwa kumi."

Bénite akawaka. "Wee mujinga! Sisi tuliziba batoto midomo mu pori ya Kamango, waasi basitusikie, na weye unapatia kilio alama? Zima!"

"Pole, shemeji, mais lakini ni muchezo tu."

Éliakim akazima télé. Kilio kikaendelea. Akatoka, akazima na groupe, mashini ya umeme. Chumba haikukuwa na dirisha, ikawa giza.

"Donc, basi nyamazisha mutoto wako," Éliakim akacheka.

Bénite akamuvuta mutoto mbele, karibu na mulango. Machozi yake ilikuwa inamwagika, mudomo wazi kabisa, bila sauti hata kidogo. Kilio kilikuwa kinatoka mu télé.