Badiliko Lisilo na Mwandishi

Mara ya kwanza kazi ilipokatika, Mama Pacha alidhani ni umeme. Mara ya pili akadhani diski imechoka. Mara ya tatu ikakatika palepale, kwenye namba ileile, naye akaanza kumdhania mtu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Waliandika programu moja tu, inayotumiwa na wauguzi wa hospitali kadhaa kupima dozi za watoto: unaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, inakuambia umpe kiasi gani. Programu nzima ilitunzwa kwenye ghala ndani ya seva kuukuu. Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyebadilisha kitu, hata nukta, ghala lilimwandika: namba ya badiliko, jina la mwandishi, tarehe, na maneno machache ya kueleza alichofanya. Sasa seva ilikuwa inakoroma kama mgonjwa wa pumu, na lile ghala lilikuwa la toleo la kale ambalo hakuna fundi aliyelishughulikia tena. Mkurugenzi alimpa Mama Pacha wiki mbili ahamishie kila kitu kwenye toleo jipya. Seva ikifa kabla, alisema mkurugenzi, hatutakuwa na cha kurekebisha siku dozi ya mtoto ikikosewa.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kifaa cha kuhamishia kilisoma mabadiliko yote, moja baada ya jingine, kikayaandika upya kwenye ghala jipya. Kilifika 4115 bila kelele. Kwenye 4116 kikaanguka, na kila kilichokwisha kuandikwa kikafutika.

Mama Pacha akalifungua badiliko hilo alisome kwa macho yake. Tarehe ilikuwepo. Mahali pa jina la mwandishi palikuwa patupu. Kwenye maelezo kulikuwa na neno moja tu: "Nimesikia." Chini yake ilikuwa mistari arobaini, safi kuliko yote aliyowahi kuona humo, na ndiyo iliyokuwa moyo wa programu: ile inayokataa dozi ambayo ingemuua mtoto.

Akamfikiria Babu Nyaya. Huyu alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa kwanza kuajiriwa pale, na ndiye pekee, mbali na Mama Pacha, aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha seva. Kwenye kikao cha kupanga uhamisho alikuwa amesema ghala la zamani liachwe lilivyo, bila kutoa sababu. Halafu siku ile kazi ilipoanguka mara ya tatu, Mama Pacha alimwona akitoka chumbani humo saa saba mchana, shati limelowa jasho, ilhali mle ndani kulikuwa na baridi kama ya jokofu la bucha. Nyuma yake ilifuata harufu ya nywele zilizoungua.

Alimweleza mkurugenzi kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mzee amebakiza miaka miwili astaafu, na yeye hatamchafulia mtu jina kwa sababu ya harufu. Alitaka ushahidi.

Mama Pacha akautafuta. Alibandika kipande cha utepe wa gundi juu kabisa, kati ya mlango wa chumba cha seva na fremu yake, mahali ambapo mtu hawezi kukiona. Siku hiyo Babu Nyaya alikwenda kumwona daktari wa macho. Saa saba kasoro kazi ikaanguka, na kumbukumbu za seva zikaonyesha kwamba aliyeikatisha alibonyeza vitufe vya kibodi iliyomo humohumo chumbani. Mama Pacha akakimbia kwenda kuangalia mlango. Utepe ulikuwa vilevile alivyouacha. Hata hivyo hakukubali. Alijiambia mzee ni mjanja tu, ametegesha kitu.

Jumapili, ofisi ikiwa haina mtu, alimwita Babu Nyaya aje na ufunguo wake. Alitarajia ubishi. Mzee akautoa mfukoni na kumkabidhi, kama mtu anayeshusha mzigo. Mama Pacha akakagua chumba cha seva, hamkuwa na mtu, akafunga mlango, akatia funguo zote mbili kwenye mkoba wake, mkoba akauweka mapajani. Akamtaka mzee aketi mbele yake, mikono juu ya meza. Kisha akaianzisha kazi kutoka kwenye kompyuta yake, na wote wawili wakatazama namba zikipanda.

Jua la mchana lilikuwa limejaa mezani. Namba zikapita elfu mbili, zikapita elfu tatu, na mzee hakutikisa hata kidole. Zilipokaribia elfu nne Mama Pacha alisikia sauti ambayo kwanza aliidhania ni ya feni, kisha akadhani ni mtu wa duka la chini anagonga vioo, mpaka masikio yake yalipokubali kilichokuwa kikisikika, nacho kilikuwa vitufe vya kibodi vikibonyezwa nyuma ya mlango ule uliofungwa, taratibu, bila pupa, kwa mikono iliyoizoea kazi hiyo, huku harufu ya nywele zinazoungua ikipenya chini ya mlango na kutambaa sakafuni mpaka miguuni kwake, akabaki kuitazama mikono ya mzee iliyotulia juani.

Kazi ikaanguka kwenye 4116. Vitufe vikanyamaza.

"Nani yuko mle?" Mama Pacha alinong'ona.

"Sijui jina lake, mwanangu," Babu Nyaya akajibu. "Tangu siku ile sijawahi kulijua."

Akamsimulia. Mwaka wa kwanza wa kampuni, programu ilikosea na watoto wawili wakapewa dawa kupita kiasi. Waandishi walilitafuta kosa siku tatu bila kuliona, wakaenda kupumzika. Alibaki yeye peke yake na mashine, mtu wa nyaya asiyejua kuandika programu hata mstari mmoja, na simu ya hospitali haikuacha kulia. Akasema kwa sauti: kama kuna yeyote anayesikia, anisaidie. Vitufe vikaanza kushuka vyenyewe mbele yake. Watoto wale wakapona. Tangu hapo kila mchana huingia chumbani kumjulia hali, kwa sababu siku akikosa kuingia, mashine hukataa kazi.

"Nilidhani hataki kuhamishwa," alisema mzee. "Sasa sidhani kwamba anakataa. Nadhani anasubiri kitu."

Mama Pacha alikuwa mtu wa kutafuta sababu, na sababu aliiona. Kifaa kilihitaji jina la mwandishi, nacho kilikuta patupu. Kuliruka badiliko kusingewezekana, maana ile mistari arobaini ndiyo iliyowalinda watoto. Akasema patiwe jina lolote, yaishe.

"Nimetia langu mara tatu," mzee akasema polepole. "Linafutika. Hakunitaka mimi."

Mama Pacha akavuta kibodi. Alimkazia macho mzee, bado sehemu ya moyo wake ikimshuku, akaandika jina lake mwenyewe. Jina likakaa. Akaianzisha kazi upya, nayo ikapita 4116, ikapita elfu kumi, ikafika mwisho, na harufu ikaondoka kama mtu aliyetoka nje. Babu Nyaya aliweka kichwa juu ya meza akalia kimya.

Jumatatu mkurugenzi alimwita Mama Pacha ofisini kwake na kumwonyesha kioo cha kompyuta. Kwenye ghala jipya, tangu jana jioni, kulikuwa na mabadiliko ishirini na matatu kwa jina lake. Mama Pacha akayasoma moja moja. Jana jioni alikuwa kwa dada yake, simu imezimwa, na usiku alilala. Lakini kila badiliko lilikuwa sahihi, na la mwisho lilirekebisha dozi ya watoto wachanga ambayo hakuna mtu aliyewahi kugundua kwamba imekosewa.

"Kama si wewe, nitayafuta yote sasa hivi," alisema mkurugenzi. "Niambie tu. Ni wewe?"

Mama Pacha aliiwazia ile dozi, akawawazia wachanga. Akawaza pia neno atakalolisema na yule atakayekuwa analisikia.

"Ni mimi," akasema.

Mkurugenzi akashusha pumzi na kumshukuru. Nyuma yake, kwenye kioo, orodha ikaongezeka mstari mmoja, badiliko la ishirini na nne, kwa jina la Mama Pacha, na mikono ya Mama Pacha ilikuwa mapajani, imeshikana.