Kufuli la Achim

Krii, krii. Kila siku saa kumi alfajiri nilisikia mlio huo jikoni. Ni mwanangu Achim, anafunga kifuniko cha chupa yake ya chai. Kisha aliurudisha mlango polepole ili nisiamke. Mimi nilikuwa macho tangu zamani, lakini sikumwambia. Alijitahidi sana asipige kelele, na sikutaka ajue kwamba anajitahidi bure.

Achim alishuka mgodini miaka ishirini na minane. Mtaa wetu hapa Silesia ni wa wachimba makaa. Baba yake alishuka, na babu yake pia. Ukutani jikoni nimetundika ngozi ya marehemu mume wangu, ile ambayo wachimba makaa huivaa nyuma kiunoni. Kijana anapoanza kazi, watu wawili huishika ngozi, naye huiruka. Akishairuka, ni mwenzao. Achim aliiruka ngozi hiyo akiwa na miaka kumi na minane.

Kazi yake ilikuwa kutunza mikanda inayobeba makaa. Aliweka kijiti kwenye mota, akatega sikio upande wa pili, akakwambia nini kimeharibika ndani. Cheti hakuwa nacho. Huko chini hakuna aliyemwuliza cheti.

Kisha mgodi ukafungwa. Chupa ya chai ilikaa juu ya kabati miezi mitano. Mkewe alikwisha kufariki, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu. Tulikula bila maneno mengi.

Siku moja alirudi na karatasi. Karakana ya kukarabati treni ilitaka wanagenzi, yaani watu wa kujifunza ufundi wakiwa kazini. Umri wowote. Achim alikuwa na miaka arobaini na saba.

"Mama, nitacheka mwenyewe nikijitazama," alisema.

"Cheka, kisha nenda," nilimjibu.

Alienda. Mlio wa chupa ukarudi jikoni. Nilikaa kitandani nikausikiliza, nikashukuru.

Mwezi wake wa pili kazini, siku ya Jumatano, Achim alirudi mapema. Hakuvua koti. Aliiweka chupa juu ya kabati.

"Nimemuumiza mtoto wa watu," alisema.

Nilimpa maji. Alinieleza taratibu. Alikuwa akifanya kazi na Roksana, msichana wa miaka kumi na tisa, mwanagenzi wa mwaka wa pili. Walitakiwa kubadilisha beringi kwenye mashine ya kuoshea magurudumu. Roksana alitaka kwenda kufunga swichi kwa kufuli, ili mtu asiiwashe mashine.

"Nikamwambia, acha, binti, mimi nitawapa ishara walio upande wa pili," Achim alisema. "Nikapiga bomba kwa spana, mara moja, kwa nguvu. Mgodini kwetu pigo moja ni simama. Hakuna anayegusa kitu. Miaka ishirini na minane, mama, pigo hilo halijamwangusha mtu."

"Na huku?"

"Huku kila mtu anagonga vyuma kutwa nzima. Mtu wa upande wa pili alidhani nimeangusha spana. Akawasha."

Mashine ilizunguka nusu tu. Ilitosha. Kidole cha Roksana kilipasuka, na kucha ikang'oka. Daktari alimshona nyuzi nne.

Alhamisi alfajiri sikusikia kitu jikoni. Ijumaa pia. Achim alikuwa akimpigia simu binamu yake aliyeko Uholanzi. Huko kuna kazi ya kufunga maua kwenye maboksi. Basi linaondoka Jumanne.

"Kufunga maua hakuumizi mtu," aliniambia.

Niliendelea kumenya viazi. Mtu mzima akiona aibu, maneno ya mama yake humzidishia. Lakini nilijua akipanda basi hilo hatarudi haraka. Nami nina miaka sabini na nne.

Jumapili nilipika kama kawaida: nyama ya kukunja, kabichi nyekundu, na matonge madogo ya viazi yenye kishimo katikati cha kushikia mchuzi. Nilikuwa nabonyeza vishimo kwa kidole nilipowasikia watu ngazini. Nilifungua mlango. Alikuwa Bwana Gerard, mkufunzi wa karakana, mtu mnene mwenye sauti ya chini. Nyuma yake alisimama msichana mwembamba, mkono mmoja umefungwa bandeji.

"Mzee wa mgodini yuko wapi?" Gerard aliuliza. "Au amejichimbia shimo humu ndani?"

Achim alitoka chumbani. Alipoiona bandeji aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, binti."

"Nimekuja kukuomba wewe radhi," Roksana alisema.

"Mimi? Kwa lipi?"

"Kanuni nilikuwa naijua. Kila anayetia mkono kwenye mashine anafunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Nimefundishwa siku ya kwanza. Lakini wewe ni rika la baba yangu. Niliona haya kukukatalia."

Nikawaambia wakae mezani. Roksana hakuweza kukata nyama kwa mkono mmoja. Achim aliivuta sahani ya msichana, akamkatia vipande vidogo, akairudisha. Niliona, na sikusahau.

Gerard alikula matonge manane kwanza. Kisha alisema, "Achim, umekosa siku mbili bila taarifa. Mkataba wako uliusoma?"

"Niliusoma."

"Unasema siku tatu. Kesho ni ya tatu. Saa kumi na mbili asubuhi usipofika, nafasi atapewa mwingine, na mimi sitaweza kuzuia."

"Mpeni kijana. Mimi nabeba daftari kama mtoto wa darasa la kwanza. Nitafundishika lini?"

"Unadhani uanagenzi ni wa watoto?" Gerard aliuliza. "Katika kundi lako kuna mama aliyeshona mapazia miaka kumi na tano. Kuna mhandisi mwenye shahada, ana miaka hamsini na mbili. Treni alizosomea zimekwisha, anajifunza hizi za sasa. Roksana ametoka shule. Kila mmoja ameingia kwa mlango wake, lakini wote ni wanagenzi. Siku nne karakanani, siku moja darasani, na mshahara kila mwezi."

"Wao hawajamuumiza mtu."

"Sikiliza. Roksana anasoma miaka mitatu. Wewe mkataba wako ni wa miaka miwili. Unajua kwa nini?"

Achim alitikisa kichwa.

"Kwa sababu kabla hujaanza tulikupima. Ulisikiliza mota tano kwa kijiti, ukapatia zote tano. Mashine yetu ya kupimia ilipatia nne. Ujuzi wako haukufukiwa pamoja na mgodi. Tumeuhesabu. Unachokosa ni kusoma michoro, vipimo vya kompyuta, na kanuni za karakana."

"Na kosa la Jumatano?"

"Nimeliandika kwenye taarifa. Nimeandika mlikosea ninyi wawili. Nimeandika nilikosea mimi pia. Sikukuuliza huko chini mlipashana habari vipi. Nilikuonyesha kufuli, ukaitikia kwa kichwa, nikadhani umekubali."

"Niliona ni mzigo," Achim alisema polepole. "Huko chini tuliaminiana. Kufuli lilikuwa kama kumwambia mwenzangu simwamini."

Roksana aliweka uma. "Siyo hivyo," alisema. "Nikifunga kufuli langu, nakupunguzia wewe kazi ya kunilinda. Basi tu."

Niliwapa mchuzi tena.

Mlangoni Gerard alitoa kitu mfukoni, akakiweka kiganjani mwa Achim. Kilikuwa kufuli jekundu. Jina la Achim lilikuwa limeandikwa juu yake. "Ulilisahau kwenye kabati lako," alisema, akashuka ngazi.

Usiku ule sikulala vizuri. Kufuli lilikuwa mezani, chupa juu ya kabati. Saa kumi ilifika. Nilisikia maji yakichemka. Kisha kimya kirefu. Kisha, krii, krii.

Nilingoja mlango ufungwe, nikaenda jikoni. Kufuli halikuwepo mezani.

Tangu hapo karakana ina desturi mpya. Mtu mzima akija kujifunza, huulizwa kwanza: kazini kwako mlikuwa mnasimamishaje mashine? Hueleza yeye, kisha huonyeshwa ya hapa. Halafu husimama mbele ya swichi na kufunga mwenyewe, mkufunzi akitazama. Anayeuliza swali hilo ni Achim. Na ukiwa mdogo kwa umri, unaruhusiwa kumwambia mkubwa, "Kufuli lako liko wapi?" Hakuna anayekasirika.

Achim alifaulu mtihani baada ya miaka miwili. Alipewa cheti chenye muhuri. Jioni hiyo Roksana na Gerard walikuja kwetu. Roksana naye alikuwa amemaliza mwaka uliotangulia. Sasa karakana inampeleka hatua ya juu, uanagenzi wa uhandisi, siku tatu chuoni katika mji mwingine na siku mbili kazini. Alikuwa anahama kesho yake.

Gerard aliitazama ngozi ukutani. "Mama, turuhusu," alisema.

Niliishusha mwenyewe. Gerard alishika upande mmoja, Roksana upande wa pili. Kidole chake kimepona, ila kucha imeota imepinda. Achim aliruka, miaka arobaini na tisa, goti likalia kama mlango mbovu. Tulicheka kidogo. Kisha niliitundika tena ngozi ukutani, nikamkumbuka marehemu mume wangu.

Wakati wa kuaga nilimfungia Roksana matonge kwenye bakuli. Nilimshika mkono, ule wenye kidole.

"Mara ya kwanza ulikuja hapa umeumia," nilimwambia. "Njoo tena, mjukuu wangu. Njoo ukiwa mzima, bila sababu yoyote. Na bakuli langu unirudishie wewe mwenyewe."